Mtini uliotelekezwa lupangoni: kuupogoa kwa viangazi vitatu na kugawa vijiti vyake, Lubumbashi

Mtini ambao haujapogolewa miaka mingi unatambulika kwa mbali. Matawi yamekwenda juu mpaka yanakwaruza mabati ya nyumba, katikati kumejaa fito kavu, chini yameota machipukizi mengi hadi shina halionekani, na matunda machache yaliyobaki yako kileleni ambako ndege huwahi kabla ya watoto. Katika malupango (viwanja vya nyumba) ya zamani ya Lubumbashi miti ya namna hiyo bado ipo, na mbele yake utasikia neno lile lile: «Huu muti hauzae tena, tuukate tu.»

Naomba usiukate. Mtini ni katika miti ya matunda inayovumilia msumeno kuliko mingine. Chini ya gamba la matawi yake ya zamani kuna macho yaliyolala, yaani vichomozo vya matawi mapya, ambayo huamka mara tu mwanga unapoyafikia, na hata shina likikatwa karibu na ardhi, mizizi hutoa machipukizi mapya. Tena kila tawi zuri unalolitoa ni miti mitano au sita ya watu wengine, kwa sababu kijiti cha mtini hushika mizizi bila dawa na bila ufundi mkubwa.

Sharti ni moja tu: usitake kuumaliza kwa siku moja. Mti wa zamani hurudishwa kwa viangazi vitatu. Ukiondoa kila kitu kwa mkupuo, mizizi yote ile mikubwa itasukuma nguvu zake kwenye fito ndefu, laini, zenye majani makubwa na matunda haba, na baada ya miaka miwili utarudi pale pale ulipoanzia.

Kalenda ya huku si ya vitabu vya Ulaya

Miongozo mingi ya Kifaransa inasema mtini upogolewe Februari au Machi. Huko ni mwisho wa baridi na mti umelala. Huku kwetu Februari mvua iko katikati ya kazi yake na mti umejaa majani. Ukikata wakati huo, jeraha hukaa na unyevu kwa wiki nyingi, kuvu huingia, na maziwa ya mti hutiririka ovyo.

Lubumbashi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha Machi au Aprili. Kuanzia Mei hewa inakauka, Juni na Julai usiku ni wa baridi kweli, na mtini hudondosha majani. Mwisho wa Agosti joto linarudi na macho yanaanza kuvimba hata kabla ya tone la kwanza la mvua. Kwa hiyo dirisha lako ni kuanzia wiki ya mwisho ya Julai hadi katikati ya Agosti. Mti bado umelala, jeraha linakauka haraka katika hewa kavu, na vijiti utakavyovikata vitaingia kwenye udongo wakati joto linapanda.

Ukichelewa mpaka macho yamefunguka, kata yaliyokufa tu, mengine yaache yasubiri mwaka unaofuata.

Hatua ya kwanza hufanyika mti ukiwa na majani

Kazi ya Agosti inaandaliwa Januari hadi Aprili, na hatua hii watu wengi huiruka. Mti ukiwa mtupu, tawi linalozaa na tawi lisilozaa hufanana. Chukua vipande vya kitambaa vya rangi mbili. Rangi moja ifunge kwenye matawi yaliyozaa matunda yakaiva vizuri, nyingine kwenye yale yaliyokauka, yaliyotobolewa au yenye majani mabaya. Mwezi wa Agosti vitambaa hivyo vitakuelekeza.

Wakati huo huo tafuta majibu ya maswali matatu.

Je, matunda yanaiva? Kuna mitini ambayo tunda lake huiva lenyewe bila kuchavushwa, na hiyo ndiyo inayofaa huku. Kuna aina nyingine, za jamii ya Smyrna, zinazohitaji nyigu mdogo aitwaye Blastophaga psenes aingie ndani ya tunda. Nyigu wa mikuyu yetu ya porini hawafanyi kazi hiyo, kwa kawaida kila aina ya mkuyu ina nyigu wake. Mti ambao kila mwaka matunda yake hukua kiasi, hukunjamana na kudondoka, hata ukiwa na maji na mbolea, usiugawe. Utampa jirani kivuli tu.

Je, majani yana mabaka ya manjano yasiyo na mpangilio, yenye kingo za kahawia, na mengine yamepinda umbo? Huo ni ugonjwa wa mozaiki ya mtini. Wenye mashamba ya mihogo wanajua sura ya mozaiki, ingawa virusi vya mtini ni vingine kabisa. Vinabebwa na utitiri mdogo sana usioonekana kwa macho, na vinasafiri ndani ya kijiti. Hauna dawa. Mti wenye mabaka machache unaoendelea kuzaa vizuri unaweza kuubakiza, ila anayepokea kijiti chake aambiwe waziwazi. Wenye majani yaliyoharibika sana usitoe hata kijiti kimoja.

Je, chini ya majani kuna unga wa rangi ya kutu, na majani yanadondoka Februari badala ya Mei? Hiyo ni kutu ya mtini, kuvu wa kawaida wa msimu wa mvua. Hauzuii kugawa vijiti, maana vijiti hukatwa bila majani. Lakini unakuonyesha kwamba katikati ya mti hakuna hewa, na hapo ndipo utakapoanzia.

Maziwa ya mtini yanaunguza

Hapa naomba usome polepole, hasa kama watoto watasaidia.

Maziwa meupe yanayotoka kwenye tawi na jani la mtini yana kemikali ambazo zikigusa ngozi kisha ngozi ikapigwa na jua, huleta kuungua. Wakati wa kazi husikii kitu. Malengelenge hutokea kesho yake au keshokutwa, na mabaka meusi yanaweza kubaki wiki nyingi. Watu hudhani ni mdudu au uchawi wa jirani. Ni utomvu na jua vimekutana, basi. Maziwa hayo pia yana kimeng'enya kinacholainisha nyama, kwa hiyo jichoni ni hatari.

Vaa shati la mikono mirefu, suruali, glavu na miwani. Fanya kazi kuanzia saa tisa alasiri jua linapopoa. Utomvu ukikugusa, nawa kwa sabuni na maji mengi hapo hapo, usijifute kwa mkono mwingine, na sehemu hiyo ifunike isipigwe na jua siku mbili. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Ukiingia jichoni, osha kwa maji safi robo saa bila kukatiza, kisha nenda hospitali.

Vifaa

Sekateri (mkasi wa kupogolea) yenye makali, msumeno wa kupogolea wenye meno makubwa, ngazi imara na kamba. Panga liache ndani. Panga hupasua, na mti wa mtini ni laini, una kiini cheupe kama sifongo, kwa hiyo mpasuko mmoja unaweza kushuka kiganja kizima ndani ya tawi lenye afya.

Safisha makali kabla ya kuanza na kila unapohama kutoka mti mmoja kwenda mwingine. Spiriti ya famasia inatosha. Ukitumia maji ya javeli (dawa ya kung'arishia nguo nyeupe), kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji, kisha suuza na upake mafuta, maana javeli hula chuma.

Kama tawi limeegemea nyaya za umeme, usipande. Hilo ni la watu wa umeme wenyewe.

Kukata: kiangazi cha kwanza

Anza na vilivyokufa. Kwaruza gamba kwa ukucha au kisu: kijani chini yake ni uhai, kahawia kavu ni kifo. Fuata tawi lililokufa mpaka ufike kwenye uhai, ukate hapo. Kazi hii peke yake mara nyingi hupunguza mti sana, na watu hushangaa kwamba kumbe ulikuwa umebeba mizoga.

Kisha shuka chini. Machipukizi ya mizizini yaondolewe, lakini fukua udongo kidogo mpaka uone yanapoanzia na uyakate hapo. Ukiyakata usawa wa ardhi, kila moja litarudi na wenzake watatu. Kama shina kuu limezeeka na lina uwazi ndani, bakiza machipukizi mawili yenye nguvu yaliyokaa mahali pazuri, ndiyo yatakayorithi.

Sasa simama mbali, zunguka mti mzima. Unatafuta matawi makuu matatu hadi matano yanayotoka nje kwa pande tofauti, yenye nafasi kati yao, kiasi kwamba katikati patabaki wazi na jua la asubuhi litaingia. Hayo ndiyo mti wako wa miaka ijayo. Usiyaguse leo. Ondoa yanayopita katikati na yanayosuguana. Mwishowe chagua tawi moja tu kati ya yale marefu ya zamani yaliyokwenda juu, ulitoe lote au ulirudishe hadi kwenye tawi la pembeni lililo chini.

Kwa ujumla usitoe zaidi ya theluthi ya mbao hai katika kiangazi kimoja. Nimeona watu wakifika hapo wanapata moto wa kazi na kuendelea kukata kwa sababu mti unaanza kupendeza. Weka msumeno chini.

Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Kata kwanza kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, mpaka robo ya unene. Kisha kata kutoka juu, sentimita chache mbele ya ule mkato wa chini, upande wa nchani. Tawi litaanguka lenyewe bila kuchuna gamba la shina. Kinachobaki ni kisiki kifupi. Angalia pale kinapoungana na shina: kuna uvimbe wa mviringo, gamba lake limekunjamana. Mkato wa mwisho upite nje kidogo ya uvimbe huo. Ukiukata uvimbe, jeraha halitafunga. Ukiacha kisiki kirefu, kitaoza na kuwa mlango wa wadudu.

Na wadudu hao wapo. Ukiona tundu la mviringo kwenye shina na unga wa mbao chini yake, ndani kuna funza wa mende mwenye pembe ndefu. Chukua waya mgumu, kama waya wa breki za baiskeli, uusukume taratibu ndani ya tundu mpaka umfikie. Tawi lenye matundu mengi litolewe lote na kuchomwa moto wiki hiyo hiyo, lisiwekwe kwenye kuni za baadaye.

Ipo hali moja ambapo njia ya viangazi vitatu haifai: shina limeoza pande zote, au mti umelala na unaweza kuangukia ukuta. Hapo kata lote kwa urefu wa goti mwisho wa Julai. Oktoba machipukizi yatatoka mengi. Bakiza manne au matano bora kufika Novemba, mengine yang'oe yakiwa laini. Mwaka huo usitegemee mavuno.

Majeraha, na jua la Septemba

Usipake rangi ya mafuta wala lami, na zaidi ya yote usipake mafuta machafu ya injini, ambayo naona yanatumika sana mjini. Hayaponyi chochote, yanaua tishu hai zilizo ukingoni mwa jeraha. Mkato safi katika hewa kavu ya Agosti hujifunga wenyewe.

Kinachohitaji kinga ni gamba. Matawi yaliyoishi miaka kumi kivulini yanakutana ghafla na jua la Septemba na Oktoba, wakati majani bado hayajajaa, na gamba linaungua, linapasuka, funza wanaingia. Dawa yake ni chokaa. Changanya chokaa iliyozimwa na maji mpaka iwe kama uji mwepesi, upake shina na sehemu za juu za matawi makuu, hasa upande wa kaskazini na magharibi. Linda macho. Mvua za Desemba zitaiosha, na wakati huo majani yatakuwa yametoa kivuli tayari.

Kutoka rundo la matawi hadi vijiti

Sasa una rundo. Kabla halijawa kuni, lipange.

Vijiti bora vinatoka kwenye mbao za msimu uliopita, nene kati ya kalamu na kidole gumba, zilizokomaa na kuwa za kijivu au kahawia. Kikiwa na kipande kidogo cha mbao ya mwaka wa pili upande wa chini, ni bora zaidi. Ncha laini za kijani zitupe, huoza. Fito ndefu zenye vifundo vilivyoachana sana pia huwa dhaifu. Chukua kutoka matawi yenye kitambaa cha kuzaa.

Kila kijiti kiwe cha sentimita 20 hadi 25 na vifundo vitatu au vinne. Upande wa chini kata moja kwa moja, chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutoka hapo kwa wingi. Upande wa juu kata kwa mshazari, sentimita moja au mbili juu ya jicho. Tofauti hiyo ya mikato itakuambia, wewe na utakayempa, upi ni juu na upi ni chini. Kijiti kilichopandwa kichwa chini kwa kawaida hakiendi popote.

Viache kivulini siku moja ili maziwa yakauke. Vioshe kwa maji na sabuni kidogo, vikauke, uvifunge kumi kumi, na kila fungu liandikwe: rangi ya tunda, mwezi linapoiva, mwaka. Kwenye utepe wa karatasi tumia kalamu ya risasi, wino hufutika kwa unyevu.

Kama hupandi siku hiyo, vifunge kwenye gazeti lililoloweshwa na kukamuliwa mpaka lisidondoshe tone, kisha kwenye mfuko wa plastiki. Ndani ya friji, sehemu ya chini, vinakaa mwezi hadi miwili. Bila friji, vizike vikiwa vimelala kwenye mchanga wenye unyevu kidogo kivulini. Wiki tatu havina neno, kwa sababu usiku wa wakati huo bado ni baridi.

Kuotesha

Tumia sashe nyeusi za kitalu (vifuko vya plastiki) au bido (dumu) lililokatwa, mradi chini kuna matundu. Mchanganyiko: vipimo viwili vya mchanga mnene wa mto na kimoja cha udongo mwepesi. Usiweke samadi wala mbolea ya kuku sasa, kijiti kisicho na mizizi hakina mdomo wa kuila, na chumvi zake hukichoma.

Udongo unautoa wapi? Jambo hili katika mji wetu lina uzito. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na pepo za kusini-mashariki zilipeleka moshi wake upande wa kaskazini-magharibi kwa miongo mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima udongo wa upande huo na kukuta shaba, risasi na kadimiamu. Udongo wa kujaza sashe usitolewe huko. Kama mtini wako mwenyewe umesimama upande huo, vijiti gawa bila hofu, lakini matunda yaoshwe vizuri maana vumbi hukaa juu ya ganda, na chini ya mti weka chokaa na mboji, vinapunguza madini yanayoingia kwenye mimea.

Chomeka kijiti mpaka jicho moja tu libaki nje. Bana udongo kwa vidole pasiwe na uwazi. Mwagilia mara moja vizuri mpaka maji yatoke chini, na baada ya hapo jizuie. Vijiti vingi vya mtini vinakufa kwa maji, vichache kwa kiu. Ingiza kidole: kama udongo bado una ubaridi wa unyevu, acha.

Weka sashe mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Ziinue juu ya matofali au meza. Sababu ya kwanza ni joto, kwani mizizi ya mtini inataka kama nyuzi 20 hadi 25, na ardhi ya Agosti asubuhi bado ni baridi. Sababu ya pili ni mchwa. Katika Lubumbashi kijiti kikavu kilichochomekwa ardhini ni chakula chao, na majivu ya kuzungushia husaidia siku chache tu.

Baada ya wiki mbili au tatu majani yatatokea, na utataka kuita watu. Subiri. Majani ya kwanza yanaishi kwa akiba iliyomo ndani ya kijiti, mizizi inaweza kuwa bado haijaanza. Usivute kijiti kujaribu, unakata nyuzi changa. Mizizi huchukua wiki nne hadi nane. Dalili ya kweli ni jani la nne na la tano kutoka kwa nguvu, au nyuzi nyeupe kuonekana kwenye matundu ya sashe. Hapo ndipo unapoongeza mboji kidogo juu.

Kugawa: toa mti, usitoe udongo

Jirani akiona rundo atasema, «Mama, unipatieko kamuti kamoja.» Mpe vitatu. Kimoja kitaoza, kimoja kitaliwa na mbuzi, kimoja kitakuwa mti.

Kitu nisichokubaliana nacho ni desturi ya kung'oa chipukizi la mzizini pamoja na bonge lake la udongo na kumpa mtu. Linaonekana zawadi kubwa zaidi, lakini mtini ni katika miti inayoshambuliwa sana na minyoo fundo, viumbe wasioonekana ambao hufanya vinundu kwenye mizizi na kunyonya mti mpaka udhoofike. Wanaishi kwenye udongo na mizizi, hawamo ndani ya tawi la juu. Kama uling'oa nyanya au lenga-lenga (mchicha) kwenye bustani hiyo na mizizi ikawa na vinundu, basi wapo, na kila bonge la udongo unalotoa ni kuwapeleka kwenye bustani ya rafiki yako. Kijiti kikavu, kilichooshwa, hakiwabebi. Ndiyo maana nasema toa mti, usitoe udongo.

Usigawe mbegu pia kwa mategemeo. Mtini unaotoka kwenye mbegu haufuati mama yake. Kijiti ni mti ule ule, tunda lile lile.

Andika kwenye daftari nani amechukua nini. Mti wako ukifa kwa funza au ukuta ukiuangukia, utajua nyumba ya kwenda kuomba. Kugawa kwa namna hiyo ndiyo hifadhi pekee ya aina nzuri ambayo haina jina na haiuzwi popote. Vikundi vya kanisani na vya akina mama vya kuweka akiba ni mahali pazuri: leta mafungu yaliyoandikwa, na eleza kwa dakika kumi mikato miwili, jicho moja nje, maji kidogo.

Vya Likasi au Kolwezi vifunge kwenye gazeti lenye unyevu na plastiki, vikae ndani ya begi, visiwekwe juu ya basi juani. Kuvuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ni jambo lingine. Mimea hai ikivuka mpaka wa nchi inahitaji cheti cha afya ya mimea, na sababu ni hayo magonjwa niliyoyataja. Usivifiche kwenye mzigo.

Kumwambia anayepokea

Mche upandwe mvua zikishakaa sawa, Novemba au Desemba, baada ya kuzoeshwa jua taratibu kwa wiki moja. Shimo la sentimita 60 kila upande. Hapa ndipo udongo wa kichuguu unapofaa: ardhi ya miombo huwa na tindikali, udongo wa vichuguu vikubwa vinavyouzunguka mji una kalisi zaidi, na mtini unaipenda. Changanya sehemu moja ya kichuguu na tatu za udongo wa juu, pamoja na ndoo ya samadi iliyooza. Kwenye sashe usiutumie, hushika maji mno. Mti uwe mita nne au zaidi kutoka ukuta, na mbali zaidi na fosi (shimo) ya choo na mabomba, maana mizizi yake hutafuta maji bila adabu. Zungushia uzio, mbuzi hupenda majani yake.

Mama mti baada ya kupogolewa

Septemba na Oktoba umwagilie mara moja kwa wiki, ndoo tatu au nne, polepole, chini ya mwavuli wa matawi na si shinani. Machipukizi yatatoka kila mahali. Mwezi wa Oktoba yapunguze kwa vidole: acha moja kila urefu wa kiganja, yanayoelekea nje. Yakifika majani matano au sita, kata ncha. Tunda la msimu mkuu huota kwenye kwapa za majani ya mbao mpya, kwa hiyo chipukizi fupi na imara lina faida kuliko fito ya mita mbili. Matunda machache ya mapema, yanayotoka kwenye mbao za mwaka uliopita, utayapoteza kwa sehemu mwaka huu. Ni bei ya kazi, na si kubwa.

Mbolea ya kuku iwe kidogo. Mti wenye mizizi mingi na matawi machache tayari una nguvu kupita kiasi, ukiulisha zaidi unazaa majani. Samadi iliyooza na majivu kidogo ya jikoni vinatosha. Januari hadi Machi okota majani yenye kutu na uyazike mbali na mti.

Tunda lisichumwe kabla ya wakati, kwa sababu tini haiivi vizuri baada ya kuchumwa. Subiri shingo yake ilegee, tunda liiname, na ukilichuma pasitoke maziwa meupe kwenye kikonyo. Wiki hizo, ndege watakushinda usipofunga kipande cha chandarua kwenye matawi ya chini.

Kiangazi cha pili ondoa tawi jingine moja au mawili ya zamani, ukiegemea machipukizi uliyoyalea. Kiangazi cha tatu maliza yaliyobaki, na ushushe kimo cha mti mpaka mita mbili na nusu hivi, urefu ambao mtu akisimama kwenye kiti anafikia kila tunda. Vijiti vya mwaka huo wa tatu ndivyo bora kuliko vyote, vinene, vyenye vifundo vya karibu, kwa hiyo waambie wanaovitaka mapema, mwezi wa Juni, watafute mchanga na sashe kabla hujashika sekateri.